Ufagio wa Fisi

Mwaka ule vuli haikunyesha hata tone. Masika ilipokuja ilinyesha milimani, wanyama wakaitazama kwa mbali, ikaisha. Mito ikawa njia za mchanga. Bonde zima likabaki na kisima kimoja tu, kilichoitwa Mkindu kwa sababu ya mkindu mmoja uliosimama ukingoni mwake.

Simba, aliyekuwa mfalme na hakupenda mtu asahau jambo hilo, aliweka sheria. Kila mnyama atakunywa mara moja kwa siku, saa sita mchana, mbele ya wenziwe; baada ya hapo asionekane mtu kisimani mpaka kesho yake. Kusimamia sheria hiyo akamteua Fisi. Cheo chake kamili kilikuwa Mkuu wa Walinzi wa Kisima cha Mkindu, na ukimwita mlinzi tu alinuna. Alipewa mbweha sita wa kumsaidia. Kwa nini mlafi alikabidhiwa maji, hakuna aliyeuliza. Fisi alikuwa na sauti nzito na alijua kuinama, na barazani sifa hizo mbili humtosha mtu.

Siku ya tatu maji yalionekana kupungua kuliko ilivyopasa. Fisi akatoka kufanya uchunguzi. Upande wa magharibi wa kisima palikuwa na mahali paitwapo Mashimoni, makao ya ngiri. Huko akakutana na ngiri mmoja mwenye tope mgongoni, akamkamata. Ngiri na tope ni ndugu tangu dunia iumbwe, lakini Fisi alisema kwamba tope ni ushahidi, na mbweha wakasema ni kweli.

Kwa kuwa mwizi wa kwanza alikamatwa Mashimoni, mbweha wote sita wakapelekwa Mashimoni. Kwa kuwa mbweha wote walikuwa Mashimoni, wezi wote waliofuata walikamatwa Mashimoni. Hesabu hiyo ilimpendeza sana mfalme.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Kila jioni mbweha walichukua matawi ya mkole, wakafagia vumbi lote mbele ya mashimo ya ngiri mpaka likalala kama unga kwenye ungo. Asubuhi Fisi alikuja kusoma nyayo. Ngiri aliyetoka kujisaidia aliacha nyayo. Aliyetoka kumtafutia mwanawe mzizi aliacha nyayo. Kila mwenye nyayo alikuwa mwizi wa maji.

Aliyekamatwa aliingizwa ndani ya kichuguu kitupu, juani, akaelezwa sheria. Akikiri, atapewa mafunda mawili ya maji na kufukuzwa jioni, jua likiwa limepoa. Akikana, atafukuzwa saa sita mchana bila tone. Kote kuwili alipelekwa Magadini, kwenye uwanda mweupe usio na kivuli wala jani, na hakuna aliyekuwa amerudi kutoka huko. Kumi walikamatwa, na kumi wakakiri.

Kila Ijumaa Kasuku, karani wa baraza, alisoma taarifa. "Waliokamatwa, kumi. Waliokiri, kumi. Kesi zilizobaki, hakuna."

"Kazi safi," alisema Simba.

"Lakini maji bado yanapungua, Mtukufu," alisema Nyati siku moja.

"Hiyo ndiyo dalili kwamba wezi wameongezeka," Fisi alimjibu. "Niongezewe mbweha."

Akaongezewa. Hakuna aliyekwenda kukitazama kisima, maana wote walikuwa wanaitazama taarifa.

Mtu wa kumi na moja kukamatwa alikuwa Mzee Ngiri, mwenye mke na watoto wanne wachanga. Alikaa kichuguuni siku mbili. Siku ya tatu Fisi akaenda kuchukua maneno yake.

"Kiri tu, mzee," alisema Fisi. "Mafunda mawili. Hata ulimi wako utakushukuru."

"Nikiri nini?"

"Kwamba uliiba maji."

"Sikuiba."

"Wenzako kumi wamesema waliiba."

"Wenzangu kumi walikuwa na kiu," alisema Mzee Ngiri.

Fisi hakuwa amezoea jawabu la namna hiyo. Sheria ilisema kwamba anayekana ahukumiwe mbele ya baraza, na Fisi hakupenda baraza kuliko alivyopenda njaa. Lakini hakuwa na la kufanya. Kesi ikapangwa.

Bi Ngiri alikwenda kwa jirani yake, Sungura, ambaye shimo lake lilikuwa la pili kutoka kwao. Alimkuta anapanga majani yake makavu.

"Kesho kutwa wanampeleka mume wangu Magadini," alisema. "Wewe una maneno, jirani. Kamsemee."

"Nikimsemea watasema nimeiba naye."

"Kwa hiyo utanyamaza?"

Sungura hakuwa na huruma nyingi, lakini alijua kuhesabu mashimo. Baada ya shimo la Ngiri lilikuwa moja, na baada ya hilo lilikuwa lake. "Sitanyamaza," alisema. "Nitamsifu Fisi."

Bi Ngiri alimtazama kwa dharau. "Wanaomsifu ni wengi. Wewe utakuwa wa kuongezea tu."

"Wao hawamsifu vya kutosha," alisema Sungura.

Siku ya baraza Fisi alisimama, akaeleza habari za vumbi, nyayo na tope. Kasuku akasoma taarifa mara mbili, ingawa aliombwa mara moja. Simba akauliza kama kuna mwenye neno kabla hajatoa hukumu. Sungura akaomba ruhusa.

"Mtukufu, mimi nina lawama moja tu. Kazi ya Mkuu wa Walinzi ni kubwa, na sisi tumeiona upande mmoja. Kila siku tunasikia habari za magharibi. Je, kaskazini kukoje? Kusini? Mashariki? Bila shaka ni safi, lakini nani amewahi kuushuhudia usafi huo? Ningeomba vumbi lifagiwe kukizunguka kisima chote, kwa siku moja tu, na asubuhi mfalme mwenyewe alikague mbele ya watu wote. Hapo tutajua tuna mlinzi wa namna gani."

Simba alipenda kukagua. Hata palipokuwa hapana kitu cha kukagua, alipenda kutembea mbele na wengine wakafuata.

"Shauri zuri," alisema. "Hukumu ya Ngiri itangoja hadi kesho saa sita."

"Na ili ngiri wasituharibie vumbi," aliongeza Sungura, "mashimo yao yote yazibwe kwa miiba hadi asubuhi. Mzee Ngiri abaki kichuguuni, na mbweha wamlinde."

Bi Ngiri akageuza uso. Fisi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kila upande ufagiwe na wenyeji wake," alisema. "Mashariki ni kwangu, pango langu liko huko. Nitafagia mwenyewe. Sipendi kuwasumbua watu."

"Huo ndio uongozi," alisema Sungura.

Fisi alipokwenda kukata matawi ya ufagio, Sungura alimfuata Simba hadi ukingoni mwa kisima.

"Mtukufu, kila hati ya maana ina muhuri. Kisima hiki hakina. Weka kiganja chako hapa kwenye tope, pale maji yanapoishia, ili kila atakayekuja ajue ni mali ya nani."

Simba alitazama kama kuna wanaomwona. Walikuwapo. Akakandamiza kiganja chake chote topeni, makucha yakiguswa na maji, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Asubuhi jua lilipochomoza wanyama wote walikusanyika. Simba akatangulia, Kasuku begani mwake, Fisi nyuma yake akitembea kwa madaha. Walianza kusini. Vumbi lilikuwa limechorwa kila namna: vijia vyembamba vya mende, nyayo za kware kama mishono ya sindano, mburuzo wa nyoka, na kwato za pofu wawili, wale jamaa wa swala, zilizokwenda hadi kisimani na kurudi.

"Hao walikuwa wanapita tu," alisema Fisi kwa haraka. Pofu walikuwa wakubwa, na walikuwa na pembe.

Kaskazini walikuta nyayo pana za mviringo, laini, zisizo na alama ya kucha. Kila mtu alizijua. Zilitoka nyumbani kwa mfalme. Simba akakohoa.

"Huyu alitoka kunyoosha miguu," alisema.

"Na sisi tulikuwa tunanyoosha miguu, Mtukufu," alisema Bi Ngiri, aliyekesha mlangoni pa kichuguu cha mumewe. "Ila yetu ni mifupi."

Kuna waliocheka, kisha wakajifanya wanapiga chafya.

Magharibi, Mashimoni, miiba ilikuwa mahali pake na hapakuwa na unyayo wa ngiri hata mmoja. Mende tu, na kware.

Wakafika mashariki. Hapo Fisi akapita mbele, akanyoosha mkono.

"Tazameni," alisema. "Hakuna hata alama moja. Huu ndio upande ninaoulinda mimi mwenyewe."

Kweli vumbi lilikuwa laini, bila doa, kuanzia kisimani hadi mlangoni pa pango lake. Wanyama walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Simba alikuwa ameshafungua kinywa kumsifu, Sungura akainama, akalitazama vumbi kwa karibu.

"Mkuu," aliuliza, "mende wa upande huu wamehama?"

"Mende?"

"Kusini wapo, kaskazini wapo, Mashimoni wapo. Vumbi lililofagiwa jioni, asubuhi lazima liwe na mende. Hili halina hata mmoja. Kware nao hawakupita. Limefagiwa leo alfajiri."

"Mimi hufagia mara mbili," alisema Fisi. "Ni bidii."

"Na mistari ya ufagio? Inaanza kisimani na kuishia mlangoni kwako. Mtu anayefagia asiache nyayo hutembea kinyumenyume. Ulikuwa unarudi nyumbani, Mkuu, ukitoka wapi?"

Fisi alisema alikuwa kwenye doria. Sungura aliinuka. Alimwomba mfalme waende kuutazama muhuri.

Kiganja cha Simba kilikuwa palepale topeni, kimekauka na kupasuka, na maji yalikuwa yamerudi chini yake hatua mbili nzima. Katikati ya nafasi hiyo tope lilikuwa limebonyea kwa umbo la mtu aliyelala na kugaagaa.

"Ngiri wengine wote walizibiwa," alisema Sungura. "Mzee Ngiri alikuwa kichuguuni, mkewe mlangoni pake, na mbweha kumi na wawili wakiwatazama. Maji yameshuka vilevile."

Simba hakuyasikia hayo yote. Alikuwa anautazama muhuri wake uliokauka. Watu kumi walipelekwa Magadini bila hasira kumpanda, lakini kiganja chake kimeachwa juani, na hilo hakulivumilia.

"Leteni ufagio wa Fisi," alinguruma.

Mbweha walikwenda pangoni. Walirudi nao, majani yake yamegandamana kwa tope bichi. Tumbo la Fisi nalo lilikuwa na tope hilohilo, na mbweha walewale waliosema kwamba tope ni ushahidi walisema tena.

Fisi angeweza kukaa bila kunywa siku ile moja, akashinda kesi yake. Hilo ndilo walilolishangaa wengi baadaye. Lakini fisi asiyeweza kungoja mzoga upoe hawezi kungoja kisima kipumzike.

"Sheria unaijua," Simba alimwambia. "Ukikiri, mafunda mawili na jioni. Ukikana, saa sita na bila tone."

"Mtukufu, hiyo si haki," alisema Fisi, sauti yake nzito imekuwa nyembamba. "Mtu akiwa na kiu atakiri lolote. Huo si ushahidi."

"Uliambiwa hivyo kichuguuni," alisema Mzee Ngiri, aliyekuwa ametolewa wakati huo na kusimama kando ya mkewe. "Walikuwa kumi. Hukuwasikia."

Fisi alilitazama jua, akautazama uwanda wa Magadini ukimeremeta kwa mbali. "Nakiri," alisema. "Ila mafunda yawe matatu."

Hata mbweha waliona haya.

Jioni ile akafukuzwa. Kasuku, asiyekuwa na taarifa mpya, alisoma ya zamani: waliokamatwa kumi, waliokiri kumi, kesi zilizobaki, hakuna.

Mzee Ngiri alimwendea Simba, akamuuliza habari za wale kumi.

"Kesi zao zimefungwa," alisema Simba, akageuka. "Tusifukue yaliyopita."

Mzee Ngiri alirudi Mashimoni. Yeye na mkewe walijipaka tope zito mgongoni, masikioni na shingoni, wakawaacha watoto kwa Sungura, ambaye hakuulizwa kama anataka, wakashika njia ya Magadini. Walirudi baada ya siku nne. Walikuwa na watatu kati ya wale kumi.

Sheria ya kisima ikabaki ileile, ila tangu hapo anayepima maji ni jiwe lililowekwa ukingoni, na mtu yeyote anaruhusiwa kulitazama. Fisi naye, kwa kutembea kinyumenyume huku ameinama na ufagio, kiuno chake kilishuka kisipande tena. Ndiyo maana hata leo nyuma yake iko chini kuliko mbele, na anapoona tope mgongoni mwa mwenziwe hucheka na kwenda zake.

Wahenga walisema: Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.