Bi Nyamvula na Ua Ulioota Rishadi

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitika huku anacheka? Wewe wa pembeni, ndiyo, wewe. Nimesema tu kwamba ua wa makuti uliota mboga, tayari umebetua midomo. Umewahi kupanda rishadi? Hujawahi. Basi funga mdomo, fungua masikio.

Zamani, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mwanamke mzima, Bi Nyamvula. Ndiye aliyezalisha, ndiye aliyeozesha, ndiye aliyeosha maiti. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, jina lake Shauri. Jina tu. Shauri lenyewe halikuwahi kumwingia.

Mwaka huo jua likawaka, likawaka, likawaka. Mchicha ukakauka. Matembele yakakauka. Na mwaka huo huo Mwatime, mke wa Shauri, akajifungua. Mtoto salama, lakini mama chakula hataki. Uji, anageuza uso. Ugali, anageuza uso. Samaki mkavu, ndiyo kabisa, anageukia ukutani.

"Hakipiti, mama," anamwambia mkwewe. "Kikavu."

Maziwa hayatoki. Mtoto analia ng'aa! ng'aa! mpaka sauti inamwisha.

Bi Nyamvula akafungua fundo la kanga. Mna mbegu za rishadi, ndogo, nyekundu, kiasi cha kiganja, na nyingine hana. Rishadi haitaki shamba wala jembe. Gunia lililolowa linaitosha. Na jani lake kali. Linawasha ulimi mpaka aliyesusa chakula anakumbuka kwamba ana tumbo.

Akazitia mbegu kwenye bakuli la maji zivimbe. Mara hodi! Anaitwa kijiji cha pili kuosha maiti, na maiti haingoji.

"Shauri!"

"Naam, mama."

"Mbegu hizi zikivimba, zimwage. Gunia nimekwisha kulilowesha. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alisikia neno moja.

Akafunua bakuli. Eh! Mbegu zimefanya utelezi, zinavutika kama bamia, kama kamasi. Akasema, zimeoza hizi, ndiyo maana mama kaniambia nizimwage. Akatoka uani. Chwaa!

Bi Nyamvula akarudi.

"Gunia mbona tupu? Mbegu ziko wapi?"

"Nimezimwaga nje, mama. Si ulisema nizimwage?"

"Baba wee! Kumwaga mbegu ni kuzipanda! Mpunga ukiambiwa ukaumwage, unaumwagia jalalani?"

"Mpunga hauna kamasi, mama."

"Bahati yake. Ungekuwa nalo tungekufa njaa."

Akatoka mbio. Kuku wanaparua chini, ko ko ko, hawapati kitu. Akainua macho. Mbegu zote zimenata kwenye ua! Ule utelezi ambao Shauri aliuona uozo ndio gundi. Akitaka kuzibandua, zitapondeka. Basi akachota maji aliyooshea vyombo, akaanza kuumwagilia ua. Asubuhi, chwi! Jioni, chwi! Maji aliyonawia mikono, chwi!

Jirani yake, Mesaidi, akapita, akashika kiuno kwa kucheka.

"Bi Nyamvula! Na paa utalimwagilia lini? Litoe maboga?"

"Nikimaliza ua nitakumwagilia wewe, Mesaidi. Labda utaota akili."

Chwi! Chwi! Chwi! Ua ukaota vinyweleo vya kijani. Vinyweleo vikawa majani.

Akaingia ndani kuchukua kisu. Anatoka, nusu ya ua ni kipara. Na jikoni kunatokota, boko boko boko.

"Shauri, unapika nini?"

"Nimekusaidia, mama. Nimeitia tui, nimeichemsha vizuri, ilainike."

Bi Nyamvula akaonja. Kama kitambaa cha kufutia chungu.

"Ukali wote umekwenda na mvuke! Rishadi haichemshwi wewe! Inakatwakatwa, inatiwa chumvi, inakamuliwa ndimu, basi. Ukiitaka ya moto, iweke juu ya ugali unaofuka, italegea yenyewe."

"Hukuniambia."

"Ungesikia?"

Akaikata nusu iliyobaki yeye mwenyewe. Chumvi. Ndimu. Akamwendea Mwatime, akamtia tonge mdomoni kabla hajageuza uso.

"Mama wee! Pua inawaka!"

"Tafuna."

"Mnataka kuniua? Chya! Chya!"

"Piga chafya, kisha tafuna."

Mwatime akatafuna huku machozi yanamtoka. Akameza. Akanyoosha mkono.

"Huo ugali mnamwekea nani?"

Akala leo, akala kesho, na maziwa yakaja. Mtoto akanyonya ngu, ngu, ngu, akalala.

Funzo mnalitaka? Haya. Mtu akikupa maagizo, sikiliza mpaka anyamaze, na usipoelewa uliza. Kuuliza hakukuvunji meno.

Lakini Shauri! Watu walipokuja kuuona ua, akawakaribisha ndani, akajiketisha kigodani, kashika goti.

"Ujanja ni ua," anawaambia. "Gunia la nini? Nilimwambia mama, tumwage uani."

"Kumbe ni wewe!" akasema Mesaidi.

"Mimi. Na ile ya tui pia ilikuwa tamu."

Bi Nyamvula alikuwa amempakata mjukuu. Akamtazama mwanawe, akamtazama Mesaidi. Akamrudisha mtoto kwa mamaye, akajifunga kanga, akatoka, akaubamiza mlango. Pa!

Na hadithi yangu imefungiwa humo humo pamoja na Shauri. Anayeitaka zaidi akagonge.