Rangi Iliyokimbia Moto

Kisa!

Mbona mnaitika kama wenye njaa, nanyi ubwabwa mmeumaliza sasa hivi? Nikisema "Kisa!" semeni "Kishuke!" Haya. Kisa!

Kishuke!

Ehee, hapo sasa. Kimeshuka kutoka kale, na si kale yangu mimi, maana nawajua, mmeshaanza kunihesabia mikunjo. Kale ile ambayo mawe yalikuwa laini na karanga zikijimenya zenyewe, palikuwa na mji ukiitwa Vumbeni. Wanawake wa Vumbeni walikuwa wakitengeneza shanga za kioo. Mwanamke alikaa mbele ya taa ya mafuta ya mbarika, mrija wa mwanzi mdomoni, akapuliza, akapuliza, mpaka mwali ukawa mwembamba na mkali. Akayeyusha ncha ya kijiti cha kioo, akaizungusha kwenye waya uliopakwa udongo. Huo ndio ushanga.

Sasa palikuwa na Kazija. Kazija huyo alikuwa kiguu na njia. Kukaa kitako kwake ilikuwa adhabu. Wewe Tatu, usicheke, nawe unachokora mkeka wangu tangu tuanze.

Kazi alifundishwa na mama yake. Nyeupe akaijua, buluu akaijua, kijani akaijua. Hizo ni rangi zenye adabu, ukiziita huja. Lakini ile ya chungwa bivu, kila mama yake alipoishika, Kazija hakungoja mwisho. Mara kuna ngoma, mara anaitwa kisimani.

"Nimeona, mama! Nimeshaona!"

"Umeona mwanzo," mama alimwambia.

Mwanzo! Kazija keshafika mlangoni. Mama akafa, na mwisho wa kazi akaenda nao.

Sikilizeni mila ya Vumbeni. Mtoto akitimiza arobaini, shangazi yake hukaa uani mbele za watu na kumtengenezea ushanga wa chungwa. Ukitoka wa chungwa, mtoto amepokewa na ukoo wa baba. Ukitoka rangi nyingine, mtoto huchukuliwa na watu wa mama yake, na shangazi hana neno.

Kaka yake Kazija, Makame, alifuata msafara wa bara, asirudi. Habari zilizorudi ni za kifo. Mkewe, Bishara, akafa akijifungua. Kikabaki kitoto hicho kimoja cha kiume, hakina hata jina. Kazija alikipenda mpaka akawa anaamka kusikiliza kama kinapumua. Na Bi Mboja, mama yake marehemu Bishara, naye alikipenda vilevile. Alikuwa na binti mmoja tu, naye yuko kaburini. Nani alaumiwe hapo? Mimi simlaumu mtu.

Siku ya arobaini ikafika, ua ukajaa. Bi Mboja akaja na shuka ya kubebea mtoto, akaikunjua magotini, akakilaza kitoto juu yake, akangoja. Kazija akaiona ile shuka.

Akakaa. Akasimama. Akarekebisha utambi. Akakaa tena. Akashika kijiti chake cha kioo cha chungwa. Kilikuwa hicho kimoja tu, na kifupi. Akatia mrija mdomoni, akapuliza.

Kioo kikalainika. Kikazunguka vizuri. Na rangi, wanangu, rangi ikaondoka! Kioo kikawa cheupe kama maji ya kisima.

"Imekimbia!" wakasema watu.

Kazija hakuweza kujibu, mrija ulikuwa mdomoni. Akafikiri: moto haujatosha. Akapuliza kwa nguvu, mashavu yakamvimba. Kioo hakina rangi. Akapuliza zaidi. Rangi ikimbie, yeye aifukuze. Rangi ikimbie, yeye aifukuze. Mara kioo kikavurugika, kikawa na rangi ya ini la mbuzi.

Akautupa ushanga huo. Akaanza mwingine, mbio mbio. Akapuliza, akafukuza. Ini la mbuzi tena!

Kijiti kikabaki kipande kama ukucha.

"Mwanangu," Bi Mboja akasema kwa upole, "usijitese. Nitamlea vizuri."

Upole ule ndio uliomuuma Kazija kuliko matusi. Akachukua kile kipande cha mwisho, akakizungusha kwenye waya, akapuliza. Cheupe. Jasho likamtiririka, machozi yakafuata. Alikuwa karibu kuifukuza rangi tena, akitaka kupuliza mpaka mapafu yapasuke, kitoto kikalia.

Kikalia kilio kile cha kukauka, cha kupotea pumzi. Bi Mboja akakitikisa, hakinyamazi. Akakiimbia, hakinyamazi. Kazija akageuka. Mtengeneza ushanga haondoi mrija mdomoni mpaka amalize, hiyo ndiyo kanuni. Lakini nani anakumbuka kanuni pale? Mrija ukaanguka.

"Nipe, mama. Nipe mara hii ya mwisho."

Akampakata mtoto mkono wa kushoto. Mkono wa kulia bado umeshika waya, ushanga uko nje ya mwali, unapoa. Kazija akaimba kwa sauti ndogo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakutaka kwenda popote. Wekundu wa joto ukafifia kwenye ushanga, ukaisha kabisa.

"Umekufa huo," mtu akanong'ona.

Mtoto akanyamaza, akalala. Kazija akautazama ushanga wake mweupe. Akasema moyoni, basi, angalau niulainishe, kitoto kiende na ushanga uliokamilika. Akaokota mrija. Safari hii alipuliza polepole, asije akamwamsha mtoto.

Manjano ikapita kwenye kioo. Ikakolea. Halafu, tazameni! Chungwa! Chungwa bivu, lililoiva lote!

Watu wakapiga vigelegele. Kazija akautia ushanga kwenye majivu ya moto upoe taratibu, usipasuke. Aliona sasa alichokuwa akikikimbia miaka yote ile: kioo kile lazima kipumzike, kisha kirudi motoni. Akalia kwa furaha, na kwa mama yake.

Lakini Bi Mboja alikuwa anakunja shuka. Aliikunja ikawa ndogo sana, akainuka, akaelekea mlangoni. Na Kazija, aliyeshinda, aliona mgongo ule wa mama asiye na mtu, akaita:

"Mama! Unakwenda wapi? Keti. Ushanga haujapoa. Na ukipoa, jina mpe wewe."

Jina ni haki ya shangazi, haijapata kupewa mwingine. Bi Mboja akarudi, akaketi ubavuni mwa Kazija, akamtazama mtoto. Watu wote walidhani atataja jina la watu wake, la baba yake mwenyewe au la baba yake Bishara.

"Makame," akasema. "Mwite jina la kaka yako."

Wakalia wote wawili, na nyumba ikawa moja.

Mnadhani nitasema haraka haina baraka? Hiyo mmeshaisikia mpaka masikio yameota sugu. Mimi nasema hivi: si kila kinachokukimbia hufukuzwa. Kingine kiache kipumue, kitarudi chenyewe.

Kisa kilishuka, kikakaa, sasa kinainuka. Mfungulieni mlango kiende zake, nanyi mkalale.