Ufunguo Chini ya Mkeka

Inasimuliwa na waliotutangulia katika imani kwamba zamani, katika jangwa la Misri, palikuwa na mtawa aitwaye Paisi, aliyeishi kwa kufunga, kusali na kusuka vikapu. Siku alipofika monasterini, bawabu aligonga ubao wa langoni mara tatu, kama ilivyokuwa desturi ya kumpokea mtawa mpya, naye Paisi akawaambia ndugu kwamba nyumba yake ya mjini amewaachia maskini. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemtilia shaka.

Ndugu walimstahi mno, hasa kwa sababu ya goti lake la kulia. Lilikuwa na sugu nyeusi, na kila alipotoka kusali alichechemea. "Huyo ndiye mtu wa sala," walinong'onezana. Laiti wangefunua mkeka wake! Chini yake, pale pale alipopigia magoti, alikuwa ameficha ufunguo wa chuma wa nyumba ile. Paisi alimpenda Mungu, hilo tusimnyime; lakini alijiwekea njia ya kurudi, endapo jangwa lingemshinda. Mara nyingi aliazimu kuutupa kisimani, na mara nyingi mkono ulikataa. Hata alipomwomba Mwenyezi Mungu ampe moyo mmoja, chuma kilikuwa kikimfinya goti.

Ikawa Baba Harmini, mkuu wa monasteri, amezeeka, na ndugu wakakubaliana kwamba Paisi ashike nafasi yake. Asubuhi ya kumsimika, wote wakiwa wamekusanyika uani, akaingia mwanamke mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, na watoto watatu nyuma yake. Alikuwa Irini, mjane, mdogo wake Paisi. Mto ulikuwa umefurika na kuisomba nyumba yake.

"Kaka, sikuja kukusumbua," alisema. "Tunalala zizini mwa watu, na binti huyu mdogo anakohoa. Niambie tu, nyumba yako uliwapa maskini gani? Nimebisha hodi siku tatu, hakuna anayefungua. Nataka niwaombe hata kibaraza."

Paisi angeweza kusema kwamba maskini wale wamehama, na nani angembishia? Joho la ukuu lilikuwa tayari mikononi mwa Baba Harmini. Yule binti akakohoa tena. Paisi akageuka, akaenda chumbani mwake akichechemea, akarudi na ufunguo ulioshika kutu.

"Maskini hao hawajawahi kuwepo, dada yangu," alisema, na wote wakamsikia. "Niliwadanganya ndugu zangu, na Mungu nilimpa nusu. Kilichoniumiza goti ni ufunguo huu, wala si sala. Chukua. Nyumba ni yako na wanao."

Irini akaupokea akilia. Ndugu kadhaa waliinamisha nyuso, maana wao ndio walioisifu sana ile sugu.

Baba Harmini akauliza, "Mwanangu, jangwa likikushinda kesho, utarudi wapi?"

"Sina pa kurudi tena, Baba."

Machozi yakamlengalenga mzee yule. Akalikunja joho, akalikabidhi kwa ndugu mwingine, kisha akamwita bawabu.

"Kagonge ubao mara tatu," akamwambia. "Ndugu yetu Paisi amefika leo."

Wapenzi, mshika mawili moja humponyoka, na Paisi nusura aponyokwe na lile lililo bora. Nami ninapomkumbuka, ile miaka yake ya kufunga hainishangazi sana. Ninachokistaajabia ni zile hatua chache kutoka chumbani hadi uani, mbele ya watu waliokuja kumtukuza. Rabi atujalie ujasiri huo, na kila mmoja wetu akirudi nyumbani, kabla ya kupiga magoti, aufunue kwanza mkeka wake.