Shanta ya Sultani na Vibuyu vya Watu

Hapo zamani, katika mji uliokaa chini ya Mlima Kitonge, siku Sultani Nasibu alipojaribu shanta ya kupandia mlima, walikuwapo uani kwake watu hawa: Sultani mwenyewe, Waziri wake Mwinyi Dai, aliyekuwa akikubali jambo kabla halijasemwa, Fundi Saburi, mshonaji wa shanta, Binti Shamte, mpishi wa jumba, na Pandu, mchukuzi wa mizigo, ambaye mji mzima ulimwita Hamnazo. Alikuwapo pia punda wa Pandu, naye tumtaje, maana Pandu mwenyewe alizoea kusema kwamba kati yao wawili, mwenye akili ni yule wa miguu minne.

Basi sababu ya shanta ilikuwa nadhiri. Sultani alipokuwa mchanga aliugua sana, na mama yake akaweka nadhiri kwamba mwanawe akipona na kukua, atapanda Mlima Kitonge kuzuru kaburi la babu yake, amevaa kaniki kama watu wengine, mzigo wake uko juu ya mgongo wake mwenyewe, pasipo askari wala mtumishi, ila mtu mmoja tu wa kumwonyesha njia. Mama akafa, mtoto akatawala, na nadhiri ikangoja, hata ikawa Sultani kila akilala humwota mama yake amemkunjia uso.

Siku hiyo Binti Shamte, kwa huruma zake, alitia ndani ya shanta wali wa samli, kuku wa kukaanga, maandazi, na mtungi mzima wa sharubati. Sultani akapitisha mikono katika mikanda, akasimama, akaenda hatua chache, kisha mzigo ukamvuta nyuma akaanguka chali, akawa anapunga miguu kama kobe aliyepinduliwa. Watu wote wakatazama chini. Pandu akacheka.

"Ewe Hamnazo," Sultani akanena kutoka pale chini, "unamcheka nani?"

"Simcheki mtu, Maulana. Nimefurahi tu. Miaka yote hii mji mzima una mtu mmoja wa kuanguka hadharani, nami ndiye. Leo nimepata mwenzangu."

Sultani akainuliwa, akapanguswa vumbi, na uso wake ulikuwa mwekundu kama pilipili. Akasema, "Kwa kuwa wewe ni bingwa wa mizigo, nenda kaninunulie shanta mpya, hazina italipa, nawe ndiwe utakayeijaza. Isinilemee hata kidogo. Kadiri ninavyopanda, uzito wake uzidi kupungua. Lakini njiani nisione njaa wala kiu. Ukiweza, nitakuacha uende zako. Ukishindwa, punda wako atakuja kuzungusha kinu changu cha kukamulia ufuta mpaka siku ya kufa kwake."

"Hukumu ya haki," akasema Waziri.

Pandu akaacha kucheka. Kisima kilikuwa mbali, na mkewe Mize alikuwa na mtoto wa kunyonya. Punda yule ndiye aliyekuwa akiwaletea maji, ndiye aliyekuwa akiwaletea unga, na kwa kweli ndiye aliyekuwa mume wa nyumba ile, na Pandu alikuwa mtu wa kumfuata nyuma.

Akaenda dukani kwa Fundi Saburi, akachagua shanta kubwa kuliko zote.

"Hii ina mifuko mingi ya pembeni," akasema Fundi.

"Fundi, mimi nyumbani sina vitu vya kujaza hata mfuko mmoja. Hiyo mifuko itanisuta."

Fundi akatabasamu. Kisha, bila kuombwa, akachukua sindano akaongeza pamba chini ya mikanda. "Bega ni bega," akasema, "la Sultani au la Hamnazo."

Pandu akarudi nyumbani, akaitundika shanta ukutani, akaketi kuitazama, na kadiri alivyoitazama ndivyo alivyozidi kuona upumbavu wake. Akajiambia, "Watu wana midomo ya kulia, nami nina mdomo wa kupoteza punda."

Mize alikuwa akiosha sahani ya jirani, aliyewaletea mbaazi jana yake. Akaikausha, akatazama huku na huku jikoni, akakuta ndimu mbili, akaziweka juu ya sahani.

"Mize, hizo ndizo ndimu zetu za mwisho."

"Najua, Baba Zena. Lakini chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nitaionea haya ile sahani."

Pandu akamtazama mkewe, akatazama shanta, akamtazama tena mkewe. Kisha akatoka mbio, akasahau viatu, akarudi kuvichukua, akakumbuka kwamba hana viatu.

Sasa ijulikane kwamba kila mavuno watu wa mlimani walimletea Sultani asali, kila nyumba ndani ya kibuyu chake, chenye alama yake iliyochomwa kwa moto. Pandu na punda wake ndio walioiteremsha. Asali ikaliwa, na vibuyu vikatupwa ghalani, havikurudi kamwe. Na kila Pandu alipopanda, wale wazee wa mlimani walimwuliza kwa upole, "Na kibuyu changu, baba?" naye akawa anakuna kichwa tu.

Akamwendea Waziri kuviomba. Waziri akafurahi. "Vichukue. Panya wanavipiga kama ngoma usiku."

Asubuhi ya safari, Sultani, amevaa kaniki, akavaa shanta. Ilikuwa imevimba kama ngoma, lakini nyepesi kama kapu la manyoya. Akaifungua.

"Vibuyu vitupu. Chakula ki wapi?"

"Kimetangulia, Maulana. Kila nyumba tutakayopita, wewe urudishe kibuyu chake, hivyo tu. Ukiona njaa, punda ni wako."

Basi wakapanda, Sultani nyuma, na Pandu mbele, naye hakuwa na hakika ya kitu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Kache, mwanamke mzee aliyeishi peke yake na mbuzi. Sultani akampa kibuyu. Bi Kache akakigeuza, akapapasa alama yake kwa kidole gumba, akakitikisa karibu na sikio. Kilikuwa kitupu. Akamtazama yule mwanamume wa kaniki, jasho limemlowesha, pumzi zimemwisha. Pandu akamwona moyoni punda wake tayari amefungwa kinuni.

Kisha Bi Kache akasema, "Karibu, mwanangu. Keti kivulini. Asiye na cha kutia hana kosa." Akamletea maziwa ya mbuzi na muhogo wa kuchoma, akampepea kwa upindo wa kanga mpaka jasho likakauka.

Walipoondoka, Sultani akatunisha kifua. "Umeona, Hamnazo? Nimevaa kaniki, na bado amenitambua. Utawala haufichiki."

"Naam, Maulana," akasema Pandu, akatazama miguu yake.

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Kila kibuyu kilitikiswa, kisha chakula kikaletwa. Mama mmoja alimkatia nusu ya kiazi alichokuwa akimlisha mwanawe. Mzee mmoja akavua kofia yake ya ukindu akamvika, akasema jua halina huruma kwa mtu wa namna yake. Shanta ikazidi kuwa nyepesi, na Sultani akazidi kuringa, akiwapungia watu mkono kila alipoondoka, hata walipofika kaburini shanta ilikuwa haina kitu, na tumbo la Sultani lilikuwa limejaa. Akaomba dua, akalia kidogo kwa ajili ya mama yake, wakaanza kushuka.

Bi Kache alikuwa akiwangoja njiani. Akamshika Sultani mkono, akatia kiganjani kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba, akasema kwa sauti ndogo ili Pandu asisikie, naye Pandu akasikia, "Ni chumvi, mwanangu. Siku nyingine ukirudisha chombo cha mtu, tia hii kidogo, usije ukaona haya mbele ya wengine. Nami nilikuwa fukara kama wewe."

Sultani akasimama kama mti. Wakaenda mpaka nyumba ilipopotea nyuma yao, ndipo akauliza, "Pandu, watu hawa wananidhani mimi ni nani?"

Pandu akaona hapa ndipo punda anapokwenda au anapobaki, na akajuta kwamba uongo mzuri hakuwahi kujifunza. Akasema, "Maulana, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hivi vilishuka na asali. Vimepanda na upepo. Wamedhani asali uligawiwa wewe kwa sadaka, fukara kuliko mimi. Nami ndiye niliyekuwa fukara wa kwanza katika nchi hii, leo umenivua cheo."

Sultani akaitazama ile chumvi. Akagusa kofia ya ukindu kichwani. Kisha mdomo ukaanza kumtetemeka, Pandu akafumba macho, na aliposikia sauti ilikuwa kicheko. Sultani alicheka mpaka akaketi juu ya jiwe, akacheka mpaka akaanguka chali, shanta tupu chini yake, miguu juu.

"Nami nilikuwa nikiwapungia mkono," akasema akifuta macho. "Pandu, nilikuwa nikiwapungia mkono."

"Niliona, Maulana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukipunga vizuri."

Akamnyooshea Pandu mkono, Pandu akamwinua, wakashuka pamoja, na njia nzima Sultani alishika jani lile la mgomba kwa mikono miwili, chumvi isimwagike.

Mavuno yaliyofuata asali iliteremka kama desturi, na vibuyu vikarudi mlimani na chumvi ndani. Punda aliyevipandisha alikuwa yuleyule.