Ushindi Ambao Haukuhifadhiwa

Sogeeni, msikilize vizuri, maana mwisho nitawaachia ninyi neno. Mimi limenishinda.

Huko Morogoro walikuwako marafiki watatu waliosoma chuo kimoja na kucheza pamoja michezo ya kompyuta. Mwajabu alikuwa hodari wa kupanga: ukimpa ramani, anakuonyesha njia ambayo hata aliyeichora hakuiona. Kibwana alijua vita. Askari wake mia waliwapiga mia tatu wa mwenzake. Petronila alijua maneno. Akizungumza na adui, adui huondoka akidhani yeye ndiye aliyefaidika.

Maktaba ya mtaa iliandaa shindano la mchezo wa kompyuta, ule wa kujenga milki na kuteka miji. Timu ya kwanza kuuteka mji mkuu wa mlimani na kukabidhi mchezo uliohifadhiwa kabla ya saa kumi, Jumamosi ya mwisho, ingekwenda fainali Dodoma. Watatu hawa wakaungana: kompyuta moja, milki moja, wiki sita.

Jumamosi hiyo, saa mbili asubuhi, wakahifadhi mchezo, wakaanza kuuendea mji mkuu. Mwajabu akalivusha jeshi kwenye kinamasi ambacho timu zote zilikikwepa, wakatokea nyuma ya mlima bila kuonekana.

Petronila akamwandikia mfalme wa kaskazini, mwenye jeshi kubwa kuliko lao, akamwahidi bandari ili akae kando. Bila hivyo wangesagwa.

Ilipofika saa saba, Mwajabu, ambaye kazi ya kuhifadhi ilikuwa yake, akanyoosha mkono.

"Ngoja nisevu."

"Usisevu, dada," Petronila akamzuia. "Mfalme hajajibu. Akikataa, turudi kwenye ule wa asubuhi nimwandikie upya; ukisevu sasa, utaufuta."

Mfalme akakubali. Wakashangilia, na Mwajabu akasahau.

Kibwana akaingia vitani, akavunja lango baada ya lango. Katikati ya mapigano, bila kumuuliza mtu, akapandisha ubora wa picha hadi mwisho ili awaone askari wake vizuri. Kompyuta ikaanza kuunguruma.

Saa tisa na nusu bendera yao ikapanda juu ya ikulu. Bi Tegemea, mkutubi aliyekuwa mwamuzi, alikuwa amesimama nyuma yao. Akapiga makofi. Ndipo picha ikaganda. Kibwana akatikisa kipanya. Kioo kikawa cheusi.

Walipoiwasha tena, jeshi lilikuwa ng'ambo ya kinamasi, palepale lilipokuwa asubuhi.

"Kazi yako ilikuwa moja tu!" Kibwana akamfokea Mwajabu.

"Nilitaka kusevu! Muulize huyu aliyenishika mkono."

"Mimi?" Petronila akasema. "Mimi ndiye niliyeichosha mashine kwa mapicha?"

Mwajabu alifunika uso kwa mtandio wake, akalia kwa hasira.

Bi Tegemea akawaambia, "Wanangu, ushindi nimeuona kwa macho yangu, lakini macho yangu siwezi kuyapeleka Dodoma." Akaiteua timu iliyokuwa ikiwafuatia iende fainali. Hata hivyo akawaombea kwa wakubwa wa shindano, akapewa nafasi moja ya mchezaji binafsi. "Chagueni wenyewe mmoja," akasema.

Afadhali asingewaombea. Kila mmoja alisema bila yeye mji usingetekwa, na ni kweli. Kila mmoja alisema kosa ni la wenzake, na hilo nalo lina ukweli ndani yake. Wiki ya tatu sasa, Mwajabu hapokei simu ya Petronila, na Kibwana akiwaona wote wawili huvuka barabara. Fomu iko mezani kwa Bi Tegemea, mstari wa jina ni mtupu, na kesho ndiyo siku ya mwisho.

Haya, mmesikia yote, sikuficha kitu. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili wengine ungewaambia nini?