Tope Juu ya Kamba

Wachimbaji madini wa shimo moja walikuwa na kamba moja. Waliinunua kwa mchango, ikawa mali ya wote, na kila aliyeshuka kutafuta mwamba mpya alishushwa nayo na kupandishwa nayo. Nyingine hawakuwa nayo.

Walijiwekea utaratibu. Jioni, wa mwisho kutoka aioshe kamba, aipitishe viganjani toka ncha hadi ncha. Akigusa palipolika, afunge kitambaa chekundu, na kesho yake abaki juu kuiunga. Utaratibu mzuri. Ila asiyeshuka hakupata mgao wa mawe ya siku hiyo, na hapo ndipo uzuri wake ulipoishia.

Malegesi alikuwa mmoja wao, mtu wa sala na salamu nyingi. Jioni moja zamu ikamwangukia. Mkono wake ulipofika katikati ya kamba, ukakuta nyuzi zimekatika. Wakati huo walikuwa wamefikia mwamba mzuri, naye hakutaka kuukosa. Akachota tope, akapapaka pale mpaka pakafanana na kwingine. Chini ya tope lake vidole vilihisi tope la mwenzake, limekauka zamani. Akajifariji kwamba kama wengine wamepita, basi si neno. Akaenda kula, akashiba.

Watu wa namna hii wanakera kuliko wezi. Mwizi angalau anajua kwamba ameiba.

Asubuhi alitangulia kushuka Shigela, mdogo wake Malegesi, tumbo moja. Malegesi akaitazama kamba ikimshusha, akafikiri moyoni kwamba ingali na nguvu. Haukupita muda, jiwe likaporomoka huko chini likambana Shigela mguu, damu ikamtoka, akaita msaada. Ilitakiwa mtu ashuke na mtaimbo. Basi wakasimama mdomoni mwa shimo, wanaume wazima, kila mmoja akimtazama mwenzake, na hakuna aliyeigusa kamba. Hapo wakajuana. Wote walikuwa wamepaona.

Sauti ikapanda toka chini: "Kaka, mbona hushuki?"

Malegesi akaivuta kamba juu. Wakaketi kuiunga ile kamba, kazi waliyoikwepa siku zote. Sasa walisukumana wakiigombania, na hakuna aliyehitaji kuonyeshwa palipolika. Lakini kuunga kamba hakuharakishwi. Ukikosea itakatika tena. Shigela aliita, akaita tena, kisha akaita polepole. Kamba ilipokuwa tayari, imara kama mpya, Malegesi alishuka nayo bila hofu yoyote, akamkuta mdogo wake amekwisha kunyamaza.

Wewe unayesikia haya, mkono wako ulikwisha kupapasa mali yetu sote, ukakuta palipolika, na ukapaka tope. Aliye chini akikuita kwa jina, utamjibu nini?