Kijiwe Kilichobaki Kibuyuni

Nitoe, nisitoe? Semeni, “Toa, tupate baki.” Haya, mmesema wenyewe, msije mkaniambia hamkutaka. Na wewe mwache mwenzio nywele, kisa hiki hakina kicheko.

Enzi hizo, kabla babu wa babu zenu hawajaota meno, watu wa milimani waliishi na hofu moja: wateka watu. Walikuja mchana kweupe, wakabeba watoto, wakaenda kuwauza mbali. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na pango, na pango lilikuwa na jiwe la kuziba mlango. Ukishaingia humo, husemi, hukohoi, huwashi moto. Mama haruhusiwi hata kumwita mwanawe.

Sasa watajuaje kama watoto wote wameingia? Kuwahesabu ni mwiko. Mtu hahesabiwi kama mbuzi, ukimhesabu umemwitia kifo. Walihesabu vijiwe. Kila mtoto anayetoka asubuhi anatia kijiwe kimoja kwenye kibuyu cha mlangoni, na akirudi anatoa kimoja. Kibuyu kikiwa kitupu, wote wamo ndani, jiwe linasukumwa.

Aliyewafundisha watoto hesabu hiyo ni Bibi Wakesho, kizee chenye maneno mengi na jino moja. Alikaanga njugu mawe, akawapanga watoto, akampa mmoja njugu tisa, halafu akamnyang’anya nne akazitia mdomoni. “Tisa toa nne, baki?” Ukijibu tano, unakula tano zako. Ukikosea, anakula yeye, na anakucheka mpaka machozi yamtoke. Hodari kuliko wote alikuwa mjukuu wake Mghoi, binti wa miaka tisa. Huyo hakunyang’anywa njugu hata siku moja.

Lakini Mghoi alikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe ni mdako. Mnaujua mdako, mnarusha kijiwe juu, mnakomba vingine. Alikuwa na vijiwe vinne, anatafuta cha tano cha kurusha. Asubuhi moja alitoka wa mwisho. Akatia kijiwe chake kibuyuni, na mkono ukiwa humo ndani ukagusa kingine, laini kama yai. Akakichukua. Kijiwe tu, akajiambia, jioni nitakirudisha.

Watoto kumi na wawili nje, vijiwe kumi na kimoja kibuyuni. Mmeona? Yeye hakuona.

Adhuhuri baragumu likalia. Watoto wakakimbia, mmoja akitoa, mwingine akitoa. Mzee Mwakima, mlinzi wa mlango, akatia mkono kibuyuni, kitupu. Akaita wanaume, wakasukuma jiwe, giza likaingia.

Mghoi alikaa akitweta. Mdogo wake, Saru, alikuwa ametumwa kisimani. Atakuwa ameshafika kwa mama, alifikiri. Mama naye, kule gizani, alifikiri Saru yuko na Mghoi. Kisha Mghoi akapapasa pindo la nguo yake. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Vitano.

Akaelewa palepale. Akataka kusema, akaogopa. Akaogopa kipigo, wanangu, si wateka watu. Alinyamaza muda wa chungu cha maharage kuanza kuchemka, na muda huo hakuusahau mpaka anaingia kaburini. Halafu akatambaa, akamtafuta bibi yake kwa kupapasa, akammwagia vijiwe kiganjani.

“Bibi,” akanong’ona, “tano toa nne.”

“Baki moja,” Bibi akajibu kwa mazoea. Kisha akavipapasa tena. “Hiyo moja ni ya wapi?”

“Ya kibuyuni.”

Bibi hakumpiga. Aliuliza jina moja tu, Saru, akasikia Mghoi analia. Akaenda kwa Mzee Mwakima. Mzee akakataa, akasema akifungua kwa ajili ya mmoja atawapoteza wote. Bibi akamwambia afungue upana wa kizee mmoja, kisha afunge. Akatia vijiwe viwili kibuyuni, kimoja cha Saru, kimoja chake, akatoka.

Walifungua kesho yake asubuhi. Saru walimkuta hai kwenye shimo la kuvundikia ndizi, amefunikwa majani makavu na kaniki ya bibi yake. Akasimulia kwamba Bibi alimfunika, akamwambia ahesabu vidole kwa kutoa kimoja kimoja, kumi, tisa, nane. Alipofika vitatu, miguu ya watu ilikuwa karibu. Akasikia Bibi akienda njiani, akikohoa kwa makusudi, na ile miguu ikamfuata.

Bibi mwenyewe wanakijiji walimkuta bondeni, ameuawa. Mzee hauziki sokoni, na wale hawakubeba kisichouzika. Walimzika hapohapo.

Saru akatoa kijiwe chake. Mzee Mwakima akainua kibuyu amwage kile kingine, Mghoi akamshika mkono.

“Usikitoe,” akasema. “Hajaingia.”

Mama yake hakumgombeza, siku ile wala baadaye. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mghoi hakucheza mdako tena. Alizeeka akikaanga njugu, akiwafundisha watoto wa wenzake kutoa na kubakisha, na alicheka nao kama alivyocheka bibi yake. Ila swali la mwisho lilikuwa lilelile kila siku: watoto wote wakishaingia, kibuyuni vimebaki vingapi? Mgeni akijibu hakuna, watoto wa kijiji walimsahihisha. Kimebaki kimoja.

Basi sikieni, nyie wenye vidole vyepesi. Usichukue kidogo cha watu ukasema ni kijiwe tu, hujui kimesimama badala ya nani. Na ukikosea, sema upesi, kabla maharage hayajachemka.

Nimetoa nilichokuwa nacho. Baki ni yenu, bebeni mkalale.